Siku ya Tisini ya Eda

Asubuhi, ufa wa sakafuni ulikuwa wa kupenya kidole. Kufika adhuhuri, Stara aliutia mkono mpaka kwenye kiwiko.

Alikuwa katika siku ya tisini ya eda, hajavuka kizingiti tangu mumewe azikwe. Mvua za Elnino zilikuwa zimevipiga vilima vya Busi juma zima. Nje majirani walipita mbio wakiita, "Tokeni! Mlima unashuka!"

"Mama, tutoke," alimwambia mama mkwe wake, bibi aliyekuwa kitandani na miguu yake iliyopooza.

"Bado siku arobaini. Na huko nje wamejaa wanaume. Unataka kumwaibisha mwanangu kaburini?"

Stara alichuchumaa, akamgeuzia mgongo. "Panda, mama. Ukibaki, nami nabaki."

Bonge la udongo lilibanduka ukutani, likaangukia mto wa kulalia. Bibi alilitazama. Kisha akapanda.

Mlangoni akavua mtandio wake, akabaki na mvi zake wazi, akamfunika Stara uso mzima na kufunga fundo kisogoni.

"Hakuna atakayekuona. Mimi ndiye macho yako. Haya, kushoto. Inua mguu, kuna jiwe."

Stara alitembea bila kuona, tope magotini, pumzi za bibi zikimpiga shingoni. Walipofika ng'ambo ya korongo, nyuma yao kulisikika mngurumo mrefu.

"Mama, nyumba ipo?"

Bibi aligeuza shingo, akatazama nyuma. Alilikaza lile fundo.

"Tembea, mwanangu."