Zimwi la Gemu ya Pili

Wachezaji walikubaliana kwenye kibanda cha gemu kwamba Bi Mwanjaa akipiga yowe tu, kiti cha mbele si chake tena.

"Zimwi la gemu ya kwanza ulilishinda, Bibi. Hili la pili utalikimbia!" Shekue mwenye kibanda alimtania.

Zimwi likatokea kwenye skrini, meno nje, damu tele, likinguruma hadi spika zikakwaruza.

"La kwanza lilijificha, nikasikia kandambili zake tu, na wiki nzima sikulala," alisema Bi Mwanjaa. "Hili linajipigia debe kama muuza dawa ya kunguni."

"Kimbia, Bibi!"

"Nimkimbie nani?"

Akaweka pedi ya kuchezea chini, akakunja mikono. Zimwi likamfikia, likaachama, likasita. Kisha likaanza kurudi kinyumenyume, likipapasa ukuta, likitafuta mlango.