Ubeti wa Hospitali

Bendi ilikuwa imerudiana baada ya miaka mingi ili kurekodi albamu mpya, na kwa desturi yao wimbo hauanzi mpaka mpiga dramu agonge vijiti. Mgaza, mpiga dramu, alikuwa amevipakata tu.

"Gonga basi, mzee mwenzangu," alisema Tindwa, mwimbaji.

"Ubeti wa hospitali uko wapi?"

"Tumeutoa. Mheshimiwa ndiye anayelipia studio hii. Tumtukane tukiwa kwenye kiti chake?"

"Mke wangu Zuena alikufa kwenye sakafu ya hospitali, dawa wameshaziuza wakubwa. Mheshimiwa wako alikuwa amekaa wapi? Kiti hichohicho cha ukubwa! Zamani mlipigwa marungu mkaimba. Leo mmepewa soda, kimya."

Mpiga gitaa alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, kijana aliyetumwa na Mheshimiwa kuwasimamia aliinuka.

"Nikiuimba, albamu haitoki," Tindwa alinong'ona.

"Usipouimba, tafuta mpiga dramu."

Tindwa akaenda mlangoni, akasukuma komeo kuufunga. Kisha akarudi kwenye maikrofoni. Nyuma ya kioo mdomo wa yule kijana ulikuwa ukifunguka na kufungika, na sauti yake haikuingia ndani.