Asiye Wangu Arudi Ndani

Waliingia watu kumi kwenye nyumba kongwe, wakatoka kumi na mmoja.

Mwongoza watalii wa mtaa wa kale aliwahesabu tena, akigusa kila bega. Kumi na mmoja.

"Hesabu zilikushinda tangu shule, kaka," dada yake mwenye kandambili, aliyejiunga na kundi hilo kuona kazi yake, akamtania.

"Asiye wangu arudi ndani," kaka yake akajibu, akawapa mgongo kutafuta ufunguo. Akasikia kandambili zikiingia ndani na watu wakicheka. Akatia kufuli mlangoni, akahesabu. Kumi.

Akahisi dada akimshika mkono. Kiganja kilikuwa baridi, kimejaa vumbi la chokaa, na miguu yake mitupu.

"Kaka, utani basi, fungua," dada yake akaita kutoka ndani.

Akageuza ufunguo afungue, ukakatikia kwenye kufuli. Hesabu ilikuwa kamili: nje kumi, ndani dada yake.