Siku Tatu za Kungoja Mwili

"Dada, tumekuja kuchukua maiti au tumekuja kula?"

Fundi saa aliuliza kwa sauti ya chini, ingawa alidhani sokoni pale hakuna aliyejua lugha yao.  Dada yake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bakuli la pili la supu mkononi, akinywa polepole kama anayepima chumvi. Ndiyo kazi yake. Miaka ishirini na mbili amewapikia watoto wa shule ya bweni, na hata wakubwa humwita Mama Mpishi.

"Ina tangawizi," alisema mwishowe. "Aliniambia ina tangawizi, nikambishia."

 Sasa ndugu yake alielewa. Kila Jumapili mpwa wake alikuwa akimtumia mama yake sauti kwenye simu, na habari zake nyingi zilikuwa za tumbo: samaki wa kuchoma kwa mzee wa jicho moja, nyuma ya wauza ndoo, supu ya mifupa karibu na lango. Tiketi zilikuwa zimekomba akiba yote. Walilala chumba cha wageni chenye kitanda kimoja na choo cha pamoja, na mochwari walisema kibali kitatoka siku ya tatu. Kwa hiyo Mama Mpishi aliifuata sauti ya mwanawe kibanda kwa kibanda, akionja kidogo cha kila kitu.

Hawakuwa peke yao. Kampuni aliyofanyia kazi kijana iliwapa gari na dereva, na iliahidi jeneza. Dereva, aliyejua lugha yao, alikuwa mpole mno. Aliwafuata hatua kumi nyuma popote walipokwenda.

Mama Mpishi alijua anafuatwa kwa nini. Sauti ya mwisho ya mwanawe haikuwa ya chakula. Ghala la kampuni lilikuwa limeungua na watu tisa ndani, na yeye, mtunza stoo, alimwona aliyefunga mlango kwa nje. "Nimeshatoa maelezo polisi, mama. Usinipigie tena." Wiki ileile watu wawili walifika nyumbani kwa Mama Mpishi kumuulizia kijana, kwa heshima zote. Wakarudi tena. Kisha ikaja simu: mwili umeopolewa mtoni, pasipoti yake imo mfukoni.

Siku ya pili, saa nane mchana, walifika kibanda cha mwisho, cha mikate ya kukaanga iliyojazwa vitunguu. Mwenyewe alikuwa mama mnene, mikono imejaa alama za mafuta ya moto. Aliwahi kuishi nchi ya wageni hawa zamani, akaokota lugha kidogo. Dereva alikuwa ng'ambo ya njia, simu sikioni.

Mama Mpishi alitoa picha ya mwanawe.

"Huyu anapenda iliyoungua," mwenye kibanda alisema huku akitabasamu. "Anakuja watu wakipungua. Anakula amesimama."

"Alikuwa anapenda," fundi saa alimsahihisha. "Amefariki. Siku ya kumi na mbili leo."

Tabasamu likamwisha yule mama. Alimtazama fundi, akamtazama Mama Mpishi, kisha macho yakavuka njia hadi kwa dereva.

"Samahani," alisema. "Lugha yenu inanipiga chenga."

Fundi saa, machozi yakimlenga, alikwenda kutafuta maji. Mwenye kibanda alichagua mkate ulioungua pembeni, akaufunga kwenye gazeti, akamwekea mgeni wake mkononi bila kuuachia.

"Juzi alilowa mvua," alisema akitazama kikaango. "Nikampa koti la mume wangu."

 Palikuwa na benchi pale, tupu. Mama Mpishi alitamani kulikalia mpaka watu wapungue, hata kama ni mpaka kesho.

"Mwambie..." alianza.

Kivuli cha dereva kikaangukia mezani. "Mama, tumemaliza? Bosi anaulizia."

"Tumemaliza." Alimgeukia mwenye kibanda. "Asante kwa chakula. Chumvi usipunguze, iko sawa."

Asubuhi ya tatu hakugusa chai. Ndugu yake alimuuliza kama anaumwa, akasema ameshiba.

Mochwari sakafu ilikuwa mbichi, imetoka kupigwa deki. Bosi alikuja mwenyewe, suti ya kijivu, akampa pole kwa lugha yao, kwa mikono miwili.

"Maji yameharibu uso," alisema. "Sisi hatuwezi kujua. Lakini wewe umemlea. Ukisema siye, basi, tutaendelea kumtafuta."

"Mtaendelea mpaka lini?"

"Mpaka tumpate, Mama."

Fundi saa alimshika dada yake kiwiko. Mama Mpishi akautoa mkono ule taratibu.

"Mdogo wangu, wewe baki nje."

"Huwezi kuingia peke yako."

"Nilimzaa peke yangu," alisema, akaingia.

Daktari alikunja shuka. Bosi alisogea mpaka Mama Mpishi akasikia pumzi zake shingoni. Usoni hapakuwa na cha kutazama, kwa hiyo akaenda upande wa pili, akaushika mguu. Aliupitia kidole kwa kidole, kisigino, unyayo, bila haraka, kama anavyokaushwa mtoto aliyetoka kuoga. Ulikuwa mguu wa mtoto wa mama mwingine, ambaye huenda saa ile alikuwa ameikodolea simu macho mahali fulani. Akaulaza shavuni, na kilio kilichomtoka kilimfanya hata daktari ageuke ukutani.

"Ndiye," alimwambia bosi. "Ndiye mwanangu. Nipeni nikamzike."