Daktari wa Swichibodi

Daktari wa mifugo wa Wote alikuwa amejifunga ushungi, kikombe cha bati mdomoni, akinguruma kwenye simu.

"Huyo ng'ombe amevimbiwa! Mnyweshe mafuta ya kupikia, halafu umtembeze. Usimwache alale!"

"Asante sana, Daktari," akajibu mzee wa Mbooni, akakata simu kwa furaha.

Hasina aliweka kikombe chini, akageuka. Mlangoni alisimama Kisilu, mkaguzi wa simu kutoka Nairobi, na alikuwa amesikia yote.

"Mama, hii swichibodi ni ya kuunganisha watu," Kisilu alisema. "Mtu akitaka daktari, unaweka waya kwa shimo la daktari, basi. Huduma iko na ofisi yake."

"Ofisi ya huduma imefika msingi tu, mzee, na mbuzi ndio wanalala huko. Hilo shimo la daktari halina simu upande ule mwingine. Daktari mwenyewe, Ndolo, yuko Kalamba na baiskeli. Asubuhi ananipitia, ananiambia dawa."

"Si ungewaambia watu hivyo?"

"Niliwaambia. Lakini mtu wa Mbooni atachukua dawa ya ng'ombe kwa mwanamke wa simu? Mpaka nimwambie, 'Subiri nikuunganishe.' Hapo anaamini."

"Na bwana shamba?"

Hasina akainamisha kichwa. "Ni mimi. Na bwana maji pia, lakini yeye huwa na mafua."

Kisilu hakucheka. Hata chai aliyokaribishwa aliikataa, na Ukambani mgeni akikataa chai ujue mambo yameharibika.

"Niunganishe na Mkurugenzi. Leo unarudi kwenu Kitui."

Hasina alitaka kulia, na akalia. Tangu mumewe afariki, swichibodi hiyo ndiyo iliyomlisha mwanawe Tumu na wadogo zake. Na Mkurugenzi huyo alijulikana nchi nzima kwa ukali. Alikuwa na shughuli nyingi hata wakaguzi wake hawakuwahi kumtia machoni, lakini alifuta watu kazi kwa simu kabla hawajamaliza salamu.

"Na hicho kikombe, lete hapa."

Kisilu alikishika kikombe, akamkodolea macho mdomoni ili asimchezee ujanja. Hasina akachomeka waya. Msichana wa swichibodi ya Nairobi akaitika, akasema wasubiri. Kisha Kisilu akachukua mkonga wa simu, akamwaga mashtaka yote bila kumeza mate.

Mkurugenzi alinguruma hadi visikizio vya Hasina vikatetemeka.

"Kisilu! Wananchi wanapata huduma?"

"Wanapata, mzee, lakini…"

"Lakini nini? Ng'ombe ametibiwa, wewe unataka nini tena? Mwache huyo mama na kazi yake! Na umnunulie kiti kizuri!"

"Ndiyo, mzee!" Kisilu alisimama wima mbele ya simu, akarudisha kikombe taratibu, akaenda zake.

Hasina alijifuta machozi kwa ncha ya ushungi. Laini ilikuwa bado wazi, naye hakuwa mtu wa kukosa shukrani.

"Mungu akubariki, mzee."

"Amina, dada," Mkurugenzi akajibu, sauti ikilainika mpaka ikawa ya yule msichana. "Yaani wewe una watu watatu tu na unashikwa? Mimi huku nina wizara mbili nzima."