Wiki ya Mama Mfiwa

Shuleni kwa Tumpe, tamthilia haisomwi tena vitabuni. Mwanafunzi hubandikwa kidude nyuma ya sikio, akaishi kama mhusika wake wiki nzima, hata nyumbani. Tumpe, msichana wa miaka kumi na mitatu, alipangiwa mama aliyefiwa na mtoto.

"Usimwite jina lake mpaka Ijumaa," mwalimu alimwonya Atupele, mama yake Tumpe. "Atachanganyikiwa."

Jumatano, Atupele akichambua maharage, yule mgeni mwenye sura ya bintiye alimuuliza, "Mwenzangu, wewe umewahi kuzika?"

Atupele alitaka kukana. Badala yake akamsimulia habari za mtoto wake wa kwanza, ambazo Tumpe hakuwahi kuambiwa. Wakalia pamoja, wameshikana mikono.

Ijumaa kidude kilibanduliwa. Mwalimu alisema watoto hukumbuka maneno ya tamthilia tu. Tumpe alirudi akicheka, akala, akaanza kuosha vyombo. Moyo wa Atupele ukatulia kidogo.

Kisha Tumpe akageuka, mikono imejaa povu.

"Mama, yule mtoto alikuwa anaitwa nani?"

Atupele alivuta kigoda akaketi.

"Lusajo," alisema, asithubutu kumtazama usoni.