Mabano Ndani ya Mabano

Kaari aliandika mabano ndani ya mabano, akabonyeza kitufe, na kompyuta ikamjibu kwa neno ambalo hakuliomba: nywila yake mwenyewe, aliyoingia nayo asubuhi.

Akarudia. Ikatoka tena. Akawa kama mtu aliyegusa ukuta wa kanisa kwa kidole, ukatikisika.

"Mbona umeganda hivyo?" mama yake akauliza kutoka mlangoni, akimimina kwenye mkebe maziwa ya kupeleka sokoni Manyatta.

"Mama, ukiendelea kumimina na mkebe umejaa?"

"Si yatamwagikia kwa mkebe wa jirani."

"Basi hii programu ya kutafuta maneno haijui imejaa. Nikiandika alama hizi inafurika, inafika mahali penye siri za watu, na inarudi nazo. Na si yangu, mama. Nimeiazima tu, na dunia nzima imeiazima. Mabenki. Hospitali."

Mama akachomoa simu kutoka kwenye leso kiunoni. "Hata hii?"

"Hata hiyo. Nawaandikia wenye programu sasa hivi waizibe. Mpaka wamalize, usimwambie mtu."

"Hata kwa maombi ya Jumatano?"

"Hata kwa maombi."

Mama, ambaye hakuwahi kuwaficha wenzake wa kanisani hata mafua ya ng'ombe, akaiweka simu mezani taratibu, kama yai.

"Basi nitamwambia Mungu peke yake," akasema.

Akafumba macho, akafungua mdomo. Kisha akaitupia simu jicho, akaufunga mdomo, na kusali kimoyomoyo.